Sakulenti zangu za dirishani zinarefuka tu, zinataka jua kiasi gani? (Mbeya)

Dada wa Ilomba
Wakuu habari zenu. Naombeni ushauri kwa wenye uzoefu na maua ya ndani.

Nina sakulenti (mimea ya majani manene yanayotunza maji) sebuleni: Echeveria tatu (zile zenye umbo la waridi), Haworthia moja na mshubiri. Video karibu zote nilizoangalia zinasema dirisha la kusini ndilo lenye jua jingi, nikaziweka huko. Desemba kweli jua lilikuwa linaingia. Sasa ni Julai, anga halina hata wingu, lakini Echeveria zimerefuka, jani na jani yameachana, rangi imepauka, na vichwa vyote vimelalia kioo. Haworthia iko vilevile. Maji namwagilia pale tu udongo unapokauka kabisa.

Jirani anasema nizitoe nje zikae juani kutwa nzima. Nasita, maana jua la saa saba la huku linachoma hata ukiwa umevaa sweta. Nazipenda sana hizi Echeveria, sitaki zife. Nifanyeje?

Mama Maua Iyunga
Pole mdogo wangu. Hapo usihangaike na mbolea. Shida ni upande wa dirisha.

Hizo video wanatengeneza watu wa Ulaya na Marekani. Kwao jua la mchana hupita upande wa kusini mwaka mzima, ndiyo maana wanalisifia dirisha la kusini. Sisi tuko chini ya Ikweta, Mbeya ni kama nyuzi 9 kusini. Tangu mwisho wa Februari mpaka katikati ya Oktoba, jua la saa sita mchana linapita kaskazini mwetu. Juni na Julai ndipo linapokuwa limeenda mbali zaidi, tena linachomoza na kuzama huko huko upande wa kaskazini. Kwa hiyo dirisha lako la kusini halipigwi na jua kabisa kuanzia asubuhi hadi jioni, hata siku iwe nyeupe namna gani. Desemba uliliona kwa kuwa lilikuwa limehamia kusini, ila hiyo nayo ni miezi ya mvua na mawingu.

Chungulia nje: dirisha linalotazama mlima Loleza ndilo la kaskazini. Echeveria zipeleke huko, au dirisha la mashariki, ambalo mimi nalipenda kuliko yote kwa sababu linapata jua la asubuhi mwaka mzima na jua hilo ni pole. Zikipata jua la moja kwa moja kwa muda wa saa nne hadi sita kwa siku, zitatulia. Haworthia iache ilipo. Kwao Afrika Kusini huota chini ya vichaka na pembeni mwa mawe, kivuli chenye mwanga kinaitosha. Mshubiri ufuatane na Echeveria.

Fundi Vioo
Nakubaliana na mama hapo juu. Mimi nafunga madirisha ya aluminiamu, naomba niongeze. Dada, angalia kioo chenyewe. Nyumba nyingi siku hizi zina kioo cha tinti, halafu kuna wavu wa mbu, halafu pazia jepesi. Kila kimoja kinakula mwanga. Na chungu kikae pale pale kwenye kizingiti. Ukikisogeza ndani mita moja au mbili, wewe utaona sebule ina mwanga wa kutosha, lakini mmea umeshapungukiwa sana.

Dada wa Ilomba
Asanteni sana. Dirisha la kaskazini lina tinti ya kahawia na wavu. Nitajuaje kama mwanga unatosha?

Mama Maua Iyunga
Saa sita mchana weka karatasi nyeupe pale chungu kitakapokaa, kisha nyoosha mkono juu yake, kama futi moja hivi. Kivuli kikitoka na vidole vinahesabika, Echeveria itaishi hapo. Kikiwa ukungu usio na umbo, hapo ni pa Haworthia. Mchana fungua kioo, wavu peke yake hauna shida kubwa.

Kijana wa Gangilonga
Mimi niko Iringa, zangu zote ziko nje barazani na zinang'aa. Toa nje tu dada, jua halijawahi kuua ua.

Mama Maua Iyunga
Mwanangu, zako zimekulia nje, zimeshazoea. Za dada zimekaa gizani miezi mingi, majani yamelainika. Mji wetu uko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na jua la huku ni kali ingawa upepo ni baridi. Ukizitoa ghafla zinaungua: unakuta doa jeupe au la kahawia juu ya jani, limekauka kama ngozi, na doa hilo haliponi mpaka jani lidondoke. Wekundu wa kwenye ncha usikutishe, huo ni mmea unajikinga. Doa ndilo baya. Anza na jua la asubuhi kwa muda wa saa moja tu, ongeza kidogo kidogo kwa muda wa wiki mbili.

Mwana Makete
Na usiku msisahau baridi. Huku kwetu Julai umande unaganda. Mmea ukibaki kati ya pazia na kioo unapata baridi yote ya nje. Ukifunga pazia jioni, vuta vyungu viwe upande wa chumbani. Maji punguza sana, udongo mbichi na baridi ndivyo vinavyoozesha mizizi.

Dada wa Ilomba
Mbarikiwe. Swali la mwisho: zilizokwisha kurefuka zitarudi kuwa fupi zikipata jua?

Mama Maua Iyunga
Hazirudi. Majani mapya ya juu yatabana vizuri, shina la chini litabaki refu. Dawa ni kukata kichwa, lakini si sasa, subiri Septemba joto lianze. Acha shina la sentimita tatu kwenye kile kichwa, kilaze kivulini siku nne au tano kidonda kikauke, kisha ukipande kwenye udongo uliochanganywa na changarawe. Kama una mtu anatoka njia ya Rungwe akuletee yale mawe mepesi ya volkano, yaponde, yanapitisha maji vizuri kuliko changarawe. Usimwagilie wiki ya kwanza. Kile kisiki usitupe, kiweke dirishani, kitachipua watoto pembeni.

Dada wa Ilomba
Nimeelewa mama. Kesho asubuhi nahamishia dirisha la mashariki, nalo halina tinti. Septemba nitaweka picha kabla sijakata, unielekeze pa kupitisha kisu.