Mrejesho: yule wa omena wa Kibuye

Wapendwa, shalom. Ni mimi niliyeuliza kama niuze kibanda changu cha omena (dagaa) hapa soko la Kibuye, Kisumu, nikafungue duka Nakuru. Hesabu ilikuwa imekaa vizuri, kurasa nne za daftari. Wengi mlinielekeza Mithali 3:5, nimtumaini Bwana kwa moyo wote, nisizitegemee akili zangu mwenyewe. Kusema kweli niliudhika. Mstari huo naujua tangu utotoni.

Nilifunga siku tatu. Sikusikia sauti wala kuota ndoto. Kila nikifungua simu nitume deposti ya chumba cha duka kule Nakuru, moyo unagoma tu. Mwisho nikamwambia Mungu, "Basi, shika wewe," nikalala. Wiki hiyo hiyo chumba kikachukuliwa na mwingine. Nililia, sitaficha.

Siku kumi baadaye mama aliteleza bafuni, akavunjika nyonga. Nilifika kwa boda kwa dakika nane, apron ikinuka samaki. Kutoka Nakuru ningefika saa ngapi?

Dada yangu anasema ndilo jibu. Mimi bado naogopa kusema Mungu alimvunja mama ili nibaki. Ila daftari nimelifunga, na Jumapili, siku ya soko kubwa, baada ya ibada ya kwanza nitakuwa kibandani na gorogoro yangu, kopo la kupimia omena, mkononi.