Likizo nzima mtoto anakariri Mesopotamia, kumbe kozi inaanzia mwaka 1200!! Hivi hawa walimu wa AP wako siriasi?

Wakuu salaam. Naandika nikiwa kwenye gari nje ya kazini, nina kama dakika 25 kabla sijaingia shifti ya usiku, kwa hiyo mkikuta maneno yamerukwa mnisamehe. Nina hasira ya wiki tatu hapa na nyumbani wameshachoka kunisikiliza.

Niko Texas, maeneo ya Houston. Binti yangu mkubwa kaingia la 10 Agosti hii na kachagua AP World History. Kwa mlioko Bongo, hizi AP ni kozi za sekondari zinazofundishwa kwa kiwango cha chuo, ikifika mwezi wa 5 nchi nzima wanafanya mtihani mmoja, maksi zinaanzia 1 mpaka 5, ukipata 3 kwenda juu vyuo vingi vinakuhesabia kama kozi umeshaisoma, yaani hela ya chuo inapungua. Mtihani wenyewe unalipia karibu dola 100. Sasa mimi baba mbongo niambiwe mtoto atapunguza ada ya chuo halafu nikatae? Nikauliza tu nasaini wapi.

Kabla shule hazijafungwa wakapewa pakiti ya kazi za samma, yaani za likizo ya kiangazi. Kurasa 22. Fotokopi ya fotokopi, maandishi yamekaa upande, ukurasa wa 9 mstari wa chini umekatwa katikati ikabidi binti apige simu kwa mwenzake aulize swali lilikuwa linasemaje, na mwenzake nae wake umekatwa hapohapo. Maelekezo: istilahi 120, kila moja kwenye kikadi chake, iandikwe KWA MKONO, kompyuta marufuku. Ramani nne za kupaka rangi. Muhtasari wa sura sita za kitabu. Siku ya kwanza ya shule kila kitu mezani.

Na istilahi zenyewe sasa. Zigurati. Mwandiko wa kikabari. Satrapi. Sheria za Hammurabi. Ashoka. Nasaba ya Han. Kuanzia watu wa kwanza kulima mpaka Roma inaanguka.

Mtoto kaandika, jamani. Mwezi wa 7 tulienda Dallas kwa shemeji yangu wiki moja, watoto wenzake wako kwenye bwawa wanapigiana kelele, yeye kakaa kwenye meza ya plastiki pembeni na vikadi vyake, upepo ukija vinaruka anavikimbilia kwenye majani. Mimi namwangalia na moyoni nasema huyu ndo mwanangu, huyu kanifuata mimi. Maana mimi nilisoma HGL (historia, jiografia na lugha), na historia nilikula madesa mpaka basi, sababu za Vita ya Maji Maji ungeniamsha saa nane usiku ningekutajia zote kwa mpangilio bila kufumbua macho. Kwa hiyo kila tukiwa barabarani namuuliza, satrapi? Ananijibu gavana wa jimbo la Uajemi. Hammurabi? Mfalme wa Babeli. Nafurahi kama mjinga.

Shule ikafunguliwa. Wiki ya kwanza karudi na karatasi ya mpangilio wa kozi, yuniti tisa, ya kwanza inaanzia mwaka 1200. Nikamwambia hapo wamekosea kuchapa. Akasema baba hawajakosea. Nikachukua simu nikaingia mwenyewe kwenye tovuti ya College Board, wale wanaotunga huo mtihani, mwongozo wa kozi upo pale bure, mtu yeyote anashusha hata kama hana mtoto. AP World History: Modern. Kuanzia 1200 mpaka leo. Hakuna zigurati. Hakuna satrapi. Hammurabi hayupo wakuu, alikufa zaidi ya miaka 2,900 kabla kozi haijaanza!!

Nikazidi kuchimba. Kumbe zamani kozi ilikuwa inaanzia huko kwenye kilimo cha kwanza, mwaka 8000 KK, miaka elfu kumi ya dunia kwenye mwaka mmoja wa shule. Mwaka 2018 wakatangaza wanaikata, itaanzia 1450. Walimu na wanafunzi wakaja juu, na hapo nawaunga mkono kwa mikono miwili, maana ukianzia 1450 Afrika na Asia na Amerika zinaingia kwenye historia siku Mzungu anafika na meli. Wakarudi nyuma wakaweka 1200, ikaanza kufundishwa msimu wa 2019.

2019 wakuu. Nikaichukua ile pakiti nikaigeuza kwenye taa. Chini kushoto, kwa maandishi madogo kama ya kwenye bomba la dawa ya meno: 2014. Mwanangu kasoma likizo nzima kozi iliyokwishazikwa.

Sasa najua kuna mtu ataniambia msingi ni muhimu, huwezi kuelewa China ya Song bila kujua ya Han, huwezi kuelewa Baghdadi bila kujua Uislamu ulienea vipi. Sawa. Nakubali. Hiyo ni kurasa tatu, nne, na mtoto anamaliza Jumamosi moja. Sio vikadi 120.

Na hata hao wa baada ya 1200 usingewaweka kwenye vikadi, maana mtihani hauulizi hivyo, na hili ndo limenikata maini kuliko hata mwaka kukosewa. Maswali ya kuchagua ni 55 kwa dakika 55, ila kila kundi la maswali linakuja na kipande cha maandishi au picha au ramani au jedwali, unasoma kwanza ndo unajibu. Halafu kuna kitu kinaitwa DBQ, peke yake asilimia 25 ya maksi zote: unapewa nyaraka saba za watu wa wakati huo, saa moja, robo saa ya kwanza ya kusoma tu, uandike insha ujenge hoja yako ukizitumia, useme huyu aliyeandika alikuwa nani, alikuwa anamwandikia nani, na kwa nini aseme hivi alivyosema. Nani alimfundisha mtoto hicho kitu mwezi wa 6, wa 7? Alikuwa anapaka rangi mto Tigris. Tena siku hizi mtihani wote uko kwenye kompyuta, insha zinatypiwa, wao pakiti inasema kwa mkono na kompyuta marufuku. Hapo ndo utajua hakuna aliyeisoma.

Wiki ya pili wakapewa zoezi la hivyo kuhusu Wamongolia. Binti kamwaga kila anachokijua, Genghis Khan 1206, Baghdadi kuanguka 1258, farasi, njia ya hariri, ukurasa mzima na nusu. Kapata 2 kati ya 7. Pembeni kwa wino mwekundu: umesimulia, hujajenga hoja. Mtoto kalia chumbani. Na mimi niliposoma yale maneno nikakaa kimya, maana mimi ndo nilikuwa namuuliza satrapi kwenye gari.

Lakini subirini, bado. Afrika kwenye ile pakiti ni Misri, mstari mmoja wa Kushi na ramani ya Aksum. Basi. Fungua sasa mwongozo wenyewe. Yuniti ya kwanza ina Zimbabwe Kuu, Ethiopia, miji ya Wahausa. Yuniti ya pili, biashara ya Bahari ya Hindi, wameandika wazi MIJI YA PWANI YA WASWAHILI. Ya nane, nchi zilizopata uhuru, yupo Nyerere kwa jina lake kabisa, pamoja na Nasser na Indira Gandhi. Mimi mtu wa Kilwa! Nimezaliwa Kivinje, kile kisiwa chenye msikiti mkubwa wa mawe ya matumbawe tulikuwa tunavuka kwenda tukiwa wadogo, yule msafiri Ibn Battuta kafika pale 1331, dhahabu ya Sofala huko Msumbiji inapita pale, Wareno wakaja wakaupora mji 1505, na mwanangu yuko Texas anakariri Hammurabi.

Nikamtumia baba yangu mdogo sauti ya WhatsApp, mzee kavua samaki maisha yake yote, nikamwambia mueleze mjukuu wako upepo. Kajibu dakika saba, nyuma jogoo anawika. Kamwambia mjukuu wangu, kaskazi inaingia kama Desemba hivi mpaka mwezi wa tatu, majahazi ya Uarabuni na Bara Hindi yanashuka nayo, halafu kusi inageuka ndo wanarudi nayo kwao. Sasa wewe fikiri, mtu kashuka na kaskazi, kauza mzigo wake, kusi bado haijatulia, miezi yote hiyo atakaa tu anaangalia bahari? Ataoa. Ndo maana sisi tuko hivi.

Wakuu, hiyo "ataoa" ni yuniti ya pili! Mwongozo unataka mtoto aeleze ujuzi wa pepo za msimu ulivyokuza biashara, na wafanyabiashara walivyojenga jamii zao ugenini, wametaja hadi Waarabu na Waajemi wa Afrika Mashariki. Mzee kaimaliza kwa sentensi moja, na hajawahi kusikia neno AP. Mtoto alikuwa na babu yake hewani likizo nzima na sisi tukamfungia na vikadi.

Nikamwandikia mwalimu imeli, ya adabu kabisa, mke wangu aliipitia akatoa maneno matatu. Jibu: asante kwa kujali elimu ya mwanao, pakiti inawajengea wanafunzi nidhamu ya kusoma. Nidhamu. Na vikadi vyenyewe vimerudishwa Ijumaa iliyopita. Binti alikuwa amevifunga na raba yake ya nywele, ya zambarau, kaizungusha mara tatu kwa namna yake. Vimerudi na raba ileile, mizunguko ileile mitatu, tiki moja juu ya kikadi cha kwanza. Havijafunguliwa. Mtoto kavitazama kaviweka kwenye droo hajasema kitu.

Naingia kazini, nitarudi breki.

NYONGEZA (breki ya saa saba): Naona wawili watatu wanasema nimemlea mtoto kimayai, wao walitembea kilomita kumi kwenda shule. Hata mimi nimetembea, tulia. Mtoto hajakataa kazi, kafanya kazi YOTE, ndo shida yenyewe hiyo. Angekuwa mvivu ningekuwa sina kesi.

Dada aliyeuliza mwanae anaingia mwakani afanye nini samma: mimi sio mwalimu, nakwambia nilichokiona baada ya kuungua. Shusha ule mwongozo, bure. Kwenye tovuti hiyohiyo kuna maswali ya insha ya miaka iliyopita, tena na insha za wanafunzi wenyewe na maelezo ya kwa nini huyu kapewa 6 na huyu 2, hiyo ndo dhahabu, sijui kwa nini hawawaambii wazazi. Sisi sa hizi kila Jumapili tunachukua swali moja, kwanza hatuandiki, tunabishana tu mezani huyu mwandishi anamtetea nani, hata mdogo wake wa la 7 anaingilia, af ndo binti anaandika aya ya kwanza peke yake, dakika kumi, na nikikuta hakuna hoja namrudishia. Jumapili ya kwanza ilikuwa vurugu. Ya pili kaniambia baba huyu karani alikuwa anaandika kitabu akilishwa na haohao Wamongolia, atawasemaje vibaya? Nikasema haya, andika hilo. Na msome kitabu chochote cha historia ya dunia kinachosomeka, taratibu, kuanzia huko 1200, sio lazima kimalizwe. Vikadi achana navyo. Kuna jirani yangu kalipa kambi ya maandalizi mamia ya dola, mtoto wake nae kapata 3 kati ya 7 kwenye zoezi lilelile, kwa hiyo hela tunzeni.

Mkuu uliyesema niende kwa mkuu wa shule: kikao nimepewa Alhamisi saa kumi jioni. Naenda na pakiti, na mwongozo nimeuprinti ukurasa wa yuniti zote tisa, na vile vikadi vikiwa na raba yake. Siendi kumfukuzisha mtu kazi. Nataka mwaka kesho ile 2014 isitoke kwenye mashine ya fotokopi, basi.

Ila naombeni kitu kimoja. Mlioko Marekani majimbo mengine, Minnesota, Ohio, Maryland, yeyote ambaye mwanae kapewa kazi za samma za kozi hii mwaka huu, nipigieni picha ukurasa wa kwanza tu mnitumie inbox, jina la shule mfiche. Nataka kulinganisha kabla ya Alhamisi.