Eti kobe wangu ni wa SUPU!

Wakuu, mikono inanitetemeka. Natoka pale sasa hivi. Wana Arusha mnamjua ninayemsema, yule wa duka la dawa za mifugo, koti lake lilikuwa jeupe mara ya mwisho Nyerere akiwa Ikulu.

Babu, kobe wetu, ana siku tatu hali. Baridi hii ya Julai imemwingia kifuani: pua inatoa mapovu, macho yamevimba, anapumua mdomo wazi. Nikamfunga kitenge, daladala kutoka Sakina mpaka mjini. Namweka kaunta, yule mtu anamgeuza CHALI! Anamgongagonga tumboni kama anachagua tikiti, anamwambia mwenzake, "Huyu si wa dawa, huyu wa supu." Duka zima kicheko, nadhani hata ng'ombe wa kwenye bango alicheka.

Chali, jamani! Mapafu ya kobe yako juu, chini ya gamba la mgongo. Ukimlaza chali, matumbo yote yanayakandamiza. Mgonjwa wa kifua huyo!

Halafu akavuta sindano ya ivermectini, ile ya minyoo ya ng'ombe. Hiyo kwa kobe ni sumu, inamlegeza misuli mpaka pumzi inakata. Nikampokonya Babu wangu nikatoka mbio. Nyuma nasikia, "Dada, usisahau ndimu!"

Supu. Marehemu baba ndiye alimlea yule kobe.

Kibosho_Juu: Mleta uzi, kwenye kitenge ulimbeba mgongoni au kifuani? 😂😂

Mleta uzi: Kifuani. Kobe hajitengenezei joto, akipoa hata dawa haimsaidii. Sasa hivi yuko kwenye boksi chini ya balbu, asubuhi nimemkalisha kwenye beseni la maji ya uvuguvugu.

Kibosho_Juu: Maji ya uvuguvugu, bado vitunguu tu.

Mzee wa Njiro: Kibali unacho? Kobe ni nyara ya serikali, binti yangu.

Mleta uzi: Ninacho, shikamoo. Lakini mtu kanigeuzia mgonjwa chali akataja SUPU, mzee wangu!

Mama Vifaranga: Pole mdogo wangu. Mimi huyohuyo aliniuzia chanjo ya kideri iliyokuwa imekaa dirishani inaota jua. Kuku 40, wiki moja banda jeupe!

Tengeru1: Nenda Meserani kwenye bustani ya nyoka, wale wamezoea wanyama wa namna hiyo. Na akichomwa sindano iwe miguu ya mbele, si ya nyuma.

Ngarenaro Finest: Mama Vifaranga, afadhali wewe chanjo. Mimi kaniuzia chakula cha kuku kina pumba tupu, wanataga kwa wiki mara moja kama wanakwenda kanisani.

Mama Vifaranga: Cha mfuko wa kijani?

Ngarenaro Finest: Hichohicho!

Mleta uzi: Tengeru1 asante, kesho alfajiri niko njiani. Ila wakuu, mbele ya watu wote, SUPU...

Kibosho_Juu: Mfuko wa kijani hata mimi umeniliza. Kwani kilo wanawauzia bei gani huko?

Mama Vifaranga: Ngoja nikapige picha mfuko wenyewe niuweke hapa.