Ushauri: mgeni akiandika "jumla haiji, nisaidieni", tumjibuje?

Mwanaujiji: Wakuu habari, na wakubwa shikamooni. Hapa Kigoma tunajitolea kuwasaidia wanaoanza kutumia LibreOffice (programu za bure za ofisi, ikiwemo ya majedwali ya hesabu): walimu, watendaji, makarani wa dagaa pale mwalo wa Kibirizi. Mtu anaandika mstari mmoja, "jumla haiji" au "imegoma". Tukimpa hatua kumi, anapotea. Tunakosea wapi?

FundiGungu: Mkuu, hatua kumi ni nyingi mno kwa mtu ambaye hajajua hata tatizo liko wapi. Mpe jambo moja la kufanya ndani ya dakika moja, na umwambie ataona nini akilifanya. Kwa "jumla haiji" mwandikie hivi: "Bonyeza Ctrl+F8. Namba za mauzo zimegeuka bluu au zimebaki nyeusi?" Bluu ni namba halali, nyeusi ni maandishi, na SUM (fomula ya kujumlisha) haijumlishi maandishi: inayaacha, inakuletea 0. Kwa makarani wetu sababu kubwa ni ile "45,000/=". Ukiandika "/=" ndani ya seli (kisanduku kimoja cha jedwali), programu haioni namba tena. Hapo ndipo umpe dawa: achague safu, Ctrl+H, atafute /= na sehemu ya kubadilishia aiache tupu.

Akisema "imegoma", muulize mawili tu: skrini imeandika nini, neno kwa neno, na kabla ya hapo alibonyeza nini. Toleo na aina ya kompyuta vitafuata. Ukiyauliza yote kwa pamoja anajiona anajaza fomu ya mkopo.

BintiUrambo: Naongezea kutoka Tabora. Tafadhali msimwambie mtu "futa uweke upya". Faili la kusakinisha kwa Windows linazidi MB 300, hilo ni bando lake, na mara nyingi halitibu: mipangilio yake hubaki kwenye folda ya mtumiaji, hivyo ugonjwa unarudi na programu mpya. Mwelekeze menyu ya mwisho kulia (Help), aanzishe upya programu kwa hali salama (Safe Mode), achague kuendelea bila kubadilisha kitu. Ikifanya kazi vizuri hapo, mipangilio ndiyo mbovu. Kabla ya kumwambia airudishe ya kiwandani, mwonye kwamba maneno yote ya Kiswahili aliyoyaongeza kwenye kamusi yake yanaweza kufutika. Anakili folda hiyo kwanza.

Na faili la matokeo ya wanafunzi usiliombe kamwe. Aandae jedwali la mistari mitatu lenye majina ya kubuni, linatosha kuonyesha kosa.

Mwanaujiji: Asanteni sana. Dada, hilo la kamusi hatukuwa tukiwaonya kabisa. FundiGungu, je, akiondoa /= na seli bado ni nyeusi?

FundiGungu: Basi seli ziliwekwa muundo wa maandishi tangu mwanzo. Achague safu, Ctrl+M kufuta muundo, kisha arudie Ctrl+H: mara hii atafute koma inayotenganisha maelfu, na kuiondoa. Kwa kuwa seli inaandikwa upya, itasomwa kama namba. Akitaka alama ya shilingi ibaki ikionekana, abonyeze Ctrl+1 na kuandika muundo #,##0"/=". Alama itaonekana, namba itabaki namba. Hili mjibuni mbele ya wote, msimpeleke pembeni, maana karani wa pili atauliza hilohilo wiki ijayo.