Nimemnyooshea mgeni kiganja Amboni akanuna. Nimekosea wapi?

Kibwana_Tanga: Wadau, habari za jioni. Mimi naongoza wageni Mapango ya Amboni. Leo nilikuwa na mzee wa Kigiriki na mkewe. Pale njia inapobana nikageuka ghafla nikamnyooshea mzee kiganja, vidole vyote vitano vimetawanyika, karibu kabisa na uso maana giza: "Ngoja kwanza!" Nia yangu asijigonge kwenye mwamba. Akasimama, akanikazia macho, na hadi tunatoka hakunena neno. Bahashishi katoa mke. Kesho nawapeleka Pangani. Nimwombe radhi? Na kwa kosa gani hasa?

BiMkubwa_Ngamiani: Mwanangu, umemtukana. Marehemu baba alikuwa karani shamba la mkonge la Mgiriki, Muheza huko. Alituambia mbele ya bwana yule ukihesabu tano, kiganja unakigeuzia kwako. Tusi lenyewe wanaliita moutza. Husimuliwa kwamba enzi za Bizanti, dola lao la kale, mhalifu alipandishwa punda akatembezwa mjini, amepakwa masizi usoni. Basi kiganja chako ndiyo hayo masizi. Ungetumia mikono miwili ingekuwa balaa zaidi. Muombe radhi yaishe.

Dereva_Chumbageni: Mkuu usijinyonge. Mbona wao wanatuita kwa kidole kimoja kinachokunjwakunjwa, kama anaitwa mbwa, na tunaitika? Hakuna aliyewafundisha kwamba huku mtu huitwa kwa kiganja kinachotazama chini.

Kibwana_Tanga: Shikamoo bibi. Kumbe! Na mimi nilikinyoosha kweli kweli.

Mzamiaji_Ushongo: Haya yananipata kila wiki. Chini ya maji dole gumba juu si "safi", ni "tupande". Mambo yakiwa safi unaunganisha gumba na kidole cha shahada, duara. (Duara hilo hilo Brazil ni tusi la nguoni, Japani ni pesa.) Kuna mgeni nilimuuliza hali, akanipa gumba, nikampandisha juu na hewa yake karibu yote kwenye mtungi. Alikuwa anafurahia samaki tu! Tangu siku hiyo ishara nazifundisha ufukweni, kabla hatujavaa chochote. Nawe fanya hivyo mlangoni pa pango. Kwetu "simama" ni ngumi iliyofumbwa.

BiMkubwa_Ngamiani: Ngumi, gizani, na popo juu? Mtamuua mzee wa watu. Unganisha vidole, kiganja kitazame chini, ushushe taratibu.

Dereva_Chumbageni: Vidole viwili je?

Mzamiaji_Ushongo: Mgongo wa mkono ukimwelekea Mwingereza, umemtukana. Churchill mwenyewe, waziri mkuu wao wakati wa vita, alikuwa akivigeuza hivyo mwanzoni, 1941. Na hapa Tanga utaulizwa kadi ya chama cha siasa.

Kibwana_Tanga: Mrejesho. Nimemtumia mzee ujumbe kwa simu ya mkewe, nimeeleza yote na samahani juu. Amejibu sasa hivi. Dole gumba, basi. Hili nalo nilisomeje?

Mzamiaji_Ushongo: Kama hayuko majini, lala.