Majani ya matufaha yamejikunja na yana unga mweupe, nifanyeje?

Jirani_Utawala: Wadau mko aje. Niko na miti ya matufaha hapa uani, aina ya Anna na Dorset Golden, bado michanga. Tangu hii baridi ya Julai ianze majani ya kwenye ncha yanatoka membamba, yanajikunja kwenda juu na yana kitu cheupe kama unga wa ngano. Ya chini yako sawa. Jamaa wa agroveti alinipea dawa ya wadudu, nimepuliza na hakuna kitu imebadilika. Ni nini hii?

mama_kuku: Pole. Sugua jani na kidole, huo unga ukitoka basi ni ubwiri unga. Ni kuvu si mdudu, hiyo dawa ingesaidia nini sasa? Usichanganye na kigaga, ule ugonjwa mwingine wa kuvu wa matufaha. Kigaga kinakuja na madoa ya kijani-kahawia, ukigusa ni laini kama velveti, halafu yanageuka meusi na hayafutiki, na mara nyingi ni wakati wa mvua ndefu juu kigaga kinataka jani likae limelowa masaa mengi. Ubwiri hautaki maji juu ya jani, hewa nzito na mawingu kama haya yetu yanatosha.

shamba_Ruai: @mama_kuku amesema ukweli. Kata hizo ncha nyeupe zote, shuka mpaka kwa sehemu safi ya tawi, usiache hata moja juu kuvu inajificha ndani ya macho ya tawi na msimu ujao inatoka na majani mapya. Weka kwa mfuko hapo hapo kabla upepo haujabeba unga kwa mti wa pili. Halafu puliza salfa ya kuchanganya na maji, kipimo ni cha kwa pakiti. Jua kali likiwaka ngoja jioni, itachoma majani. Na kama juzi ulipuliza dawa ya mafuta subiri wiki mbili hivi. Mbolea ya kuku unaweka mob?

Jirani_Utawala: Eeh, niko na kuku wengi so inaenda huko yote.

shamba_Ruai: Punguza bro. Inasukuma majani mengi laini na hayo ndio ubwiri unapenda. Pia fungua matawi ya katikati hewa ipite, hasa kama kuna mti umebanwa na ukuta.

Jirani_Utawala: Sawa, kesho asubuhi naanza na mkasi. Salfa nitatafuta nikienda tao.