Kamba ya hudi imezama ndani na gidamu mpya zinaburura, nisaidieni

sisimizi_mweusi: Wakuu habari za jioni. Nimefua hudi yangu ya mtumba, kamba ikachomoka upande mmoja ikazama kwenye pindo la kofia, nikaisukuma na njiti ya mshikaki nikaishia kutoboa kitambaa. Halafu gidamu za raba zilikatika nikanunua zingine kwa machinga bila kupima, sasa zinaburura chini nikitembea nachungulia miguu tu. Raba ina matundu sita kila upande. Nazikataje zisifumuke?

raba_mtoni: Matundu sita ni sentimita 120 hivi, matano 90. Siku nyingine nenda na gidamu ya zamani mkononi upimishe palepale, kuna watu hapa mnapenda kukadiria kwa macho

mama_cherehani: Mwanangu achana na hiyo njiti. Chomoa kamba yote, chomeka pini ya nepi kwenye ncha na uhakikishe umeifunga, maana ikifunguka humo ndani utalia. Ingiza tunduni, kunja kitambaa mbele vuta nyuma, unaifuata kwa vidole mpaka itokee upande wa pili. Ukishasawazisha ncha, piga nyuzi mbili tatu za mkono katikati pale nyuma ya kichwa, haichomoki tena hata uifue vipi. Na siku ukitaka kubadilisha kamba ambayo bado imo, shonea mpya kwenye ncha ya zamani kisha vuta ya zamani, mpya inaifuata yenyewe

sisimizi_mweusi: Asante mama, ila pini sina na maduka yameshafungwa

fundi_wa_geto: Mrija wa juisi. Sokomeza ncha ndani ya mrija, piga stepla, pitisha. Gidamu zungushia selotepu pale unapokata, kaza vizuri, kata katikati ya hiyo selotepu. Kama ni nailoni ondoa selotepu upitishe kiberiti kidogo tu, usifinye na vidole ikiwa ya moto mi nishaungua. Ya pamba usichome, haiyeyuki inawaka, weka gundi ya kawaida

sisimizi_mweusi: Imepita wakuu! Mara ya kwanza mrija ulichomoka njiani maana nilipiga stepla moja, mbili ndo zikashika. Gidamu sasa... moja nimekata fupi kuliko mwenzake, kesho narudi kwa machinga

raba_mtoni: Nenda na ya zamani mkononi 😂